Mpira Mmoja wa Lacey

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne jioni, na wachezaji wa Harmon Creek walikuwa saba.

Tessa Brandvold akahesabu tena, kana kwamba kuna mtu kajificha nyuma ya ndoo ya mipira. Saba wale wale. Mdogo wa wote, Opal, miaka kumi, alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda ndani ya glavu yake mwenyewe. Huyo naye ni mchezaji, na siku hiyo alikuwa dhahabu.

"Acha kuhesabu, mwanangu," Kocha Arlene akamwambia. "Hawazaani hao."

Kocha Arlene alikuwa na miaka sitini na moja, asubuhi anaendesha basi la shule, jioni anafundisha softiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, na kote kote anapiga kelele kwa sauti ile ile. Lakini siku hiyo sauti ilikuwa chini. Tessa hakuipenda kabisa.

Maana kanuni ya ligi ya kaunti haina utani. Ili mechi ianze lazima muwe wanane, mmevaa jezi, na majina yenu yapo kwenye orodha. Mkishaanza, mmoja akiondoka, mnaruhusiwa kumaliza mkiwa saba, hamna neno. Lakini mkikosa kutimia hadi dakika kumi baada ya muda wa kuanza, saa kumi na mbili kamili, mmefungwa mezani. Harmon Creek walishafungwa mezani mara mbili msimu huo. Ya tatu, timu inafutwa. Na ikifutwa hiyo, hakuna nyingine, kwa sababu ndiyo ilikuwa timu ya mwisho ya wasichana mjini pale. Miaka mitatu tu nyuma zilikuwepo nne, mpaka mnagombania uwanja wa mazoezi.

Wasichana wameenda wapi? Kila mtu alijua wameenda wapi. Timu za kusafiri. Zile zenye mwalimu wa kulipwa, begi lenye jina lako mgongoni, na kila Jumamosi mko hotelini kwenye mji wa mbali mnacheza mechi tano. Tessa naye alijaribu, Januari, kwenye timu inayoitwa Fury. Wakampima mtupo wake kwa mashine, yule mwalimu akaangalia namba, akasema, "Asante kwa kuja." Basi. Kwa Tessa ilikuwa ni Harmon Creek au kukaa nyumbani kuangalia mahindi ya baba yake yakikua.

Rafiki yake Lacey Vondra, mrushaji wao, alijaribu siku ile ile. Kwake mwalimu hakusema asante. Alisema, "Rudi kesho." Na Jumatatu ya wiki hii wakamchukua moja kwa moja. Tangu Jumatatu, Tessa na Lacey hawajaongea.

"Kocha," Opal akasema, mdomo umejaa. "Si pikapu ya kina Lacey ile?"

Wote saba wakageuka.

Kweli. Pikapu ya kijivu ilisimama kwenye changarawe, akashuka Dale Vondra, babake Lacey, mwanaume mrefu anayetembea kama anachelewa kila mahali. Mkononi kashika jezi imekunjwa vizuri, imefuliwa, namba kumi na moja. Lacey alibaki ndani ya gari, kainamisha kichwa.

"Arlene," akasema, "nimekuletea jezi. Nisainie karatasi ya kumwachia tuondoke. Fury wanaitaka kesho asubuhi, bila hiyo hawamwandikishi."

Kocha Arlene akaiangalia ile jezi. Akaangalia saa yake. Halafu, taratibu, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

Tessa aliona kitu kikiwaka usoni mwa kocha, na sekunde moja baadaye na yeye akaelewa. Dale angekuja saa mbili, mechi imeisha, mambo yangekuwa mengine. Kaja kabla. Jezi haijapokelewa, karatasi haijasainiwa. Kwa hiyo Lacey bado yumo kwenye orodha. Lacey ni wa nane.

"Arlene, pokea bwana."

"Mikono yangu michafu."

"Usinifanyie hivyo."

"Baba Lacey, nisikilize," kocha akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imerudi. "Nitasaini. Nitasaini kwa mwandiko mzuri hata ukitaka nichore na ua. Lakini baada ya mpira wa kwanza. Avae, asimame pale, arushe mmoja. Mmoja! Mechi ikishaanza, namtoa, nasaini, mnaenda zenu."

"Hiyo ni kuteka nyara."

"Iite unavyotaka."

"Unajua sheria yao? Ukishakubaliwa, ukionekana umechezea timu nyingine, nafasi imekwenda. Wana orodha ya wasichana ishirini wanaosubiri!" Dale akashusha sauti, akaelekeza kidevu kwenye viti vya mbao. "Na mama Brooke yupo pale."

Tessa akaangalia. Kweli, alikuwepo. Mama Brooke, mwanae mkubwa yuko Fury, mdogo yuko Orlin, yaani wale wapinzani wa leo. Mwanamke yule alikuwa anapiga picha kila kitu, hata ndege akitua kwenye wavu wa uzio. Kila picha inaenda kwenye kundi la wazazi wa Fury kabla hajashusha simu.

Refa, mzee Stoltz, akaja akijifuta jasho. "Arlene. Saa kumi na mbili na dakika nne. Mko wangapi?"

"Tunakaribia."

"Sijauliza mnaelekea wapi. Mko wangapi?"

Kocha akazidi kuficha mikono nyuma ya mgongo. Dale naye kasimama na jezi yake kama mhudumu aliyekosa meza. Tessa akaona wakubwa hawa watasimama hivi hivi mpaka dakika ziishe, na kila mmoja atakuwa na haki yake. Akavua kofia yake ya mdakaji, yule anayepokea mipira ya mrushaji, akatimua mbio kwenda kwenye pikapu.

Dirisha lilikuwa wazi. Lacey hakuinua kichwa.

"Umekuja kunitukana?" akasema.

"Sina muda. Tuko saba."

"Najua mko saba. Nimehesabu."

"Kocha anataka urushe mmoja tu, halafu anasaini."

"Nimesikia, Tess. Kaunti nzima imesikia." Sasa akainua uso, na macho yalikuwa mekundu. "Unajua mama Brooke akinipiga picha nimekwisha? Baba kachukua kazi ya pili kwa ajili ya hii kitu. Unajua?"

Tessa alikuwa ameandaa maneno ya tangu Jumatatu, makali, yamepangwa. Yote yakapotea.

"Ukikataa sitakulaumu," akasema. "Yaani, nitakulaumu. Lakini nitaacha, baadaye kidogo. Sina timu nyingine mimi. Ndiyo hiyo tu."

Lacey akafuta macho. Akatazama viti, akatazama kibanda cha vyakula. Mama Brooke alikuwa amesimama, kashika pochi, anateremka ngazi. Anakwenda kwenye foleni.

"Ananunua nini?" Lacey akauliza.

"Nitajuaje mimi?"

"Akinunua soda ni dakika moja. Akinunua chipsi za mahindi na jibini la moto, pale yule dada anachukua mwaka mzima."

Wakamkodolea macho. Mama Brooke akanyoosha kidole kwenye sufuria la jibini.

Lacey akafungua mlango.

Aliipokonya jezi mkononi mwa babake, akaivaa huku anakimbia, kichwa kimekwama kwenye shingo ya nguo, Tessa anamvuta mkono. Babake akaita, "Lacey! Lacey Ann!" naye akajibu kutoka ndani ya jezi, "Mmoja tu, baba!" Dale akashika wavu kwa mikono miwili na kufunga macho.

"Nane!" Kocha Arlene akanguruma. "Refa, nane! Hesabu mwenyewe!"

Mzee Stoltz akahesabu. Akatumia kidole, akarudia kwa sababu Opal alihama. Saa kumi na mbili na dakika nane. Akasogea kwenye kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, akatoa brashi yake ndogo, akainama, akaanza kufuta vumbi. Akafuta kushoto. Akafuta kulia. Akapata kijiwe, akakitazama, akakitupa.

"Refa, mama yangu we, kwani unasafisha kaburi!" kocha akapiga kelele.

"Kiwanja changu, Arlene."

Tessa alikuwa amechuchumaa, glavu mbele. Kwa pembeni aliona dada wa kibandani anamimina jibini, taratibu, linanyooka kama gundi. Mteja wake alikuwa kaupa uwanja mgongo.

"Cheza!" refa akasema.

Lacey akavuta pumzi. Mkono wake ukazunguka ule mzunguko ambao Tessa angeutambua hata gizani, ukapita nyonga, mpira ukatoka. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kupita kiasi, katikati kabisa, na yule wa Orlin, binti mwenye mabega mapana, akaupiga kwa nguvu zake zote.

Ukarudi mnyoofu, usawa wa kifua. Lacey hakuwa na muda wa kufikiri. Glavu ikapanda yenyewe. Paa!

"Nje!" refa akapaza sauti, mpigaji katolewa.

Harmon Creek wakalipuka. Opal akaruka juu, maganda ya alizeti yakamwagika kwenye nywele. Lacey akautazama mpira ndani ya glavu kama mtu aliyeokota mtoto, na akacheka, kicheko kile cha zamani. Tessa hakuwa amekisikia tangu majira ya baridi.

"Umesema mmoja!" Dale akaita kutoka kwenye wavu. "Lacey! Mmoja!"

Lacey hakusogea. Alimtazama Tessa. Halafu akasema, kwa sauti ndogo lakini yote ikafika, "Nibaki?"

Na Tessa alitaka. Mungu wangu, alitaka. Lacey akiwa kwenye duara la mrushaji wangeweza kushinda, wangeweza kushinda na Alhamisi ijayo, na Alhamisi nyingine. Ilikuwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

Kibandani, mama Brooke alikuwa analipa. Anarudisha pochi kwapani. Anachukua sahani.

Tessa akainuka, akakimbia hadi kwenye duara na mavazi yote ya mdakaji yakigongana mwilini, akaupokonya ule mpira.

"Toka," akasema.

"Tess..."

"Toka bwana! Vua hiyo! Anageuka!"

Akamvua mwenyewe, pale pale katikati ya uwanja, jezi juu ya kichwa, fulana nyeupe ndani. Akamsukuma. Lacey akajikwaa, akakimbia, akapita getini, na babake akamfunika mgongo kwa mwili wake kama kuna mvua. Kocha Arlene alikuwa ameshasaini, karatasi juu ya goti. Mama Brooke alipogeuka na sahani yake, aliona pikapu ya kijivu ikitoka na mdakaji mmoja kasimama mahali pa mrushaji.

"Vipi," akauliza watu wa kwenye viti, "nimekosa nini?"

Wote wakakodolea uwanja. Hata wazazi wa Orlin waliangalia mbele.

Tessa akarusha mechi yote iliyobaki. Opal akadaka, kofia ikimzunguka kichwani kama ndoo. Mipira ya Tessa ilikuwa polepole, Orlin wakaipiga kama wanapura ngano, na kila zamu ya Lacey kupiga ilipofika refa alihesabu kwamba mpigaji katolewa, ingawa hakuna aliyesimama pale. Mzunguko wa nne akasimamisha mechi kwa sababu ya tofauti ya pointi: kumi na tisa kwa mbili.

"Tumefungwa uwanjani, siyo mezani!" Opal akapiga yowe. Wakakumbatiana wote, wakaruka, Kocha Arlene akaimwaga ndoo ya maji kichwani kwake mwenyewe.

Binti mmoja wa Orlin akasimama karibu na Tessa, haelewi. Jezi yake safi, haina hata vumbi.

"Samahani," akasema. "Nani kashinda?"

"Nyie."

"Sasa mbona mnashangilia hivyo?"

Tessa alikuwa anahema, mkono wake umekufa ganzi. Akamwangalia yule binti kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe umecheza mizunguko mingapi leo?"

"Hata mmoja. Tuko wengi."

"Unakaa wapi?"

"Shambani. Barabara ya Orlin, ila ni karibu na huku zaidi. Kwa nini?"

"Kocha!" Tessa akaita, hakumwondolea macho. "Kocha, njoo hapa na ile orodha!"