Mgeni Mwenye Karatasi

Kiwandani walikuwa wakishona mashuka ya hospitali. Cherehani zilikuwa kumi na mbili, na kila moja ilibandikwa karatasi ya mchoro. Fundi alishona kilichochorwa. Kuuliza hakukuwa kazi yake. Aliyeuliza mwaka juzi alirudishwa nyumbani.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mgeni aliingia. Alikuwa mdogo kama kifungo cha koti, hana mikono, hana mdomo, hana pumzi. Upepo ndio uliomleta. Mlinzi alitazama beji yake, akaiona sawa na za wengine, akamfungulia. Mgeni alitua juu ya cherehani ya Mama Vifungo, na karatasi yake ikafunika ile ya mashuka.

Mama Vifungo alimtaja Mungu kama kila siku, akakanyaga pedeli. Kilichotoka chini ya sindano ni mgeni wa pili, naye ana beji na karatasi yake. Kufikia adhuhuri kapu lilikuwa na wageni mia tatu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," wifi yake alisema kutoka cherehani ya jirani. "Wako kaja kinyume."

"Shona, wifi. Domo halitungi uzi."

Uzi ulipokwisha, cherehani ilivuta wa gauni lake, kisha nywele, kisha vidole. Wifi akamwita muuguzi wa kiwanda.

Muuguzi alivaa miwani, akainama. "Ni kirusi," alisema. "Peke yake hazai hata mmoja, maana hana cherehani. Anazalia kwenye ya huyu mama. Ibandueni karatasi."

"Karatasi hubanduliwa mara moja kwa siku, saa kumi," msimamizi alisema. "Tena tazama kapu. Hajawahi kushona hivi."

"Shuka hata moja hakuna, bwana. Na mtu anaisha."

"Msimamizi ni mimi au wewe?"

Wifi alinyoosha mkono kwenye karatasi. Akawakumbuka wanawe watatu, akaurudisha mapajani.

Saa kumi kasorobo Mama Vifungo aliisha. Kitini kilibaki kitambaa chake cha kichwa. Kapu lilipasuka, feni ikawatawanya wageni ukumbi mzima.

Saa kumi kamili msimamizi alibandua karatasi ile, akaikunja vizuri.

"Mungu ampokee," wifi alisema, akakiweka kitambaa kifuani. Alipogeuka, mgeni alikuwa ametua juu ya cherehani yake.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Karatasi isingebanduliwa hadi kesho. Alimtaja Mungu, akakanyaga pedeli.