Manowari ya Zege Iliyozamishwa Jumanne

Kwa miaka mingi Supi Kobina Esuon alikuwa nahodha wa manowari, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupanda chombo kinachoelea bila kutapika. Hilo halikumzuia kazi. Manowari yake ilikuwa ya zege, ilisimama katikati ya mji wa Kwesimpoano kati ya kituo cha mafuta na duka la vipodozi, na aliyeijenga alikuwa babu yake mwenyewe. Ilikuwa na mizinga, bomba la moshi, na mabaharia wa saruji waliopiga saluti tangu enzi za Waingereza. Ndani yake zilikaa ngoma na bendera za Kundi la Pili la asafo, wale watu ambao babu zao walipigana vita vya kweli na wao siku hizi wanapigana kwa bendera, nyimbo na maneno ya kuudhi.

Kundi la Kwanza lilikuwa ng'ambo ya barabara, nalo lilikuwa na ndege. Ya zege pia, juu ya paa, na rubani wake alikuwa na masharubu. Supi wao, yaani kiongozi wa kundi, Kow Bentsil, fundi wa friji, alimsalimu Esuon kila asubuhi kwa kumuuliza kama bahari imechafuka leo. Mji mzima ulijua habari za kutapika, kwa hiyo mji mzima ulicheka. Esuon alicheka pia, kwa meno tu.

Mwaka huo, sikukuu ya Akwambo ilipokaribia, Esuon alijitakia makuu. Manowari ilikuwa ikipakwa nyeupe na buluu miaka nenda miaka rudi, kama keki ya harusi. Yeye akaona manowari halisi kwenye televisheni, akaduwaa, kesho yake akanunua rangi ya kijivu na kuipaka yote, mabaharia na saluti zao. Mkewe Ekua, mwanamke asiyesifu kitu ovyo, aliizunguka akasema sasa angalau inafanana na kitu.

Ilifanana mno. Wiki hiyohiyo majeshi ya nchi kadhaa za ukanda ule yalikuwa yamekuja kwenye kambi ya jirani kufanya mazoezi ya kivita. Walijigawa Wekundu na Weupe, wakawa wanatafutana baharini kwa rada na kwa droni, na makombora yakarushwa kwa kalamu, kwenye ramani. Jumanne asubuhi droni ya Weupe ilipita juu ya Kwesimpoano. Sasa Jumanne, mtoto yeyote wa pwani ile atakwambia, bahari inapumzika. Mtumbwi hauingii majini, na anayethubutu kuuingiza atalipa kondoo mbele ya wazee. Lakini maofisa waliokuwa mbele ya kioo cha droni walikuwa wa nchi nyingine na mambo mengine. Wao waliona bahari tupu, mitumbwi yote imevutwa mchangani, wavuvi wamekaa wanashona nyavu kama watu walioamriwa, na nyuma ya minazi manowari ya kijivu yenye mabaharia wenye nidhamu isiyo ya kawaida. Wakakata shauri kwamba Wekundu wamewaondoa wavuvi ili wafiche meli. Kabla hata chai haijaletwa, ndege za kivita zilikuwa zimetumwa kwa kalamu, na manowari ya Kundi la Pili ikaandikwa imezama na wote waliokuwemo.

Habari ziliingia mjini kupitia mdomo wa Adwoa Tekyiwa, muuza ugali wa kenkey kwenye lango la kambi, ambaye kwa mkosi wa Esuon baba yake alikuwa mtu wa Kundi la Kwanza. Haikufika jioni. Bentsil alivuka barabara amejifunga nguo ya msiba, nyekundu na nyeusi, na nyuma yake nusu ya kundi lake wakijishika mbavu kwa kicheko.

"Pole sana, Supi," alisema. "Tumesikia mmezamishwa. Tena na ndege."

"Macho unayo. Hiyo hapo imesimama."

"Mimi ni fundi friji tu, bwana. Wanajeshi wameandika hakuna aliyepona. Ndiyo tunajiuliza, wewe umeogelea vipi, na tumbo lako lile?"

Kama ingeishia kwenye kejeli, Esuon angevumilia, mbona amezoea. Lakini Bentsil alikwenda moja kwa moja kwa chifu. Kundi la Pili ndilo lililotangulia kwenye maandamano ya Akwambo tangu siku ile babu alipomaliza kujenga, kwa sababu lilikuwa na manowari. Kama manowari haipo tena, basi ndege itangulie. Chifu, aliyechoshwa na wote wawili, alisema yeye si mtaalamu wa vita. Esuon alete neno la wanamaji wenyewe kabla ya Jumamosi, na neno hilo ndilo litakalofuatwa.

Esuon alivaa nguo yake nzuri, akachukua chupa ya pombe kali ya shnapsi kama mtu anayekwenda kuomba jambo kubwa, akaenda kambini. Alikuwa na hofu. Aliona wazi jinsi atakavyokuwa nahodha wa kwanza katika ukoo wake kutembea nyuma ya mafundi friji.

Mwamuzi mkuu wa mazoezi, Kamanda Alhassan, alikuwa mtu wa kaskazini kabisa, aliyeiona bahari mara ya kwanza akiwa na ndevu. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akaitisha picha ya droni, akaitazama, kisha akawatazama maofisa wa Weupe, ambao ghafla waligundua viatu vyao vinahitaji kuangaliwa. Akasema hilo ni jambo dogo. Atalifuta saa hiyohiyo.

"Nitaandika kwamba lilikuwa jengo," alisema. "Jengo halizami, mzee wangu. Utarudi nyumbani na neno langu."

"Umesema jengo?"

"Ni zege. Halina injini, halijawahi kugusa maji."

"Na nikisema ni manowari?"

Kamanda alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilimsumbua. "Basi imezama. Ilionekana, ikapigwa. Siwezi kuwa na sheria moja kwa manowari zangu na nyingine kwa yako."

Esuon alipiga hesabu. Neno moja tu, jengo, na atatangulia Jumamosi huku Bentsil akimeza vumbi. Lakini atakuwa nahodha wa nini? Wa nyumba yenye bomba la moshi? Aliwaza mikono ya babu yake, iliyokuwa na saruji kwenye kucha mpaka siku anazikwa, na machozi yakamlenga mbele za watu, wala hakuyaficha.

"Andika imezama," alisema. "Ila uandike ilizama na bendera yake juu. Na nyie mlioiua, kwetu aliyeua huja msibani. Jumamosi, asubuhi."

Jumamosi Kundi la Kwanza lilitoka kwa mbwembwe, ngoma mbele, Bentsil akinesa kama bwana harusi, na likagonga msiba hapohapo mlangoni. Barabara nzima ilikuwa nyekundu na nyeusi. Kundi la Pili lilikaa kwenye viti vya kukodi mbele ya manowari iliyofunikwa turubai, Ekua na wanawake wakiomboleza kwa sauti zao zote, na maofisa wa Weupe wamejipanga na magwanda meupe na shada la maua, ukiwatazama ungesema wamefiwa kweli. Ngoma hazipiti penye maiti ya asafo. Ilibidi zinyamazishwe, na Bentsil ilibidi avue viatu, apeane mikono na wafiwa wote kuanzia kulia, na kuwamwagia wafu chini kinywaji alichokuwa amekinunua kwa ajili ya kujisifu.

Alipomfikia Esuon alitafuta utani, akaukosa. Baba mzazi wa Bentsil alikuwa amesaidia kubeba mchanga wa meli ile, kabla makundi hayajagombana.

"Due, Supi," alisema taratibu, neno lao la kupeana pole. "Due, due."

"Tumepokea, ndugu yangu. Aliyekwenda ameacha mtoto."

Akaashiria, na turubai likavutwa. Manowari ilikuwa ileile, jina tu lilikuwa jipya, na mizinga. Mizinga ya zamani iliyotazama baharini ilikuwa imevunjwa na kumwagwa upya, rangi haijakauka, na sasa yote ilielekea juu, ikilenga ng'ambo ya barabara kwenye paa la Kundi la Kwanza. Bentsil aliufuata mstari kwa macho polepole, akafika kwenye masharubu ya rubani wake.

Siku hiyo ndege ilitangulia, kama neno la wanamaji lilivyotaka. Ilitangulia huku kiongozi wake akigeuza shingo kila hatua chache. Kesho yake Bentsil alipofungua duka la friji, Esuon alikuwa keshakaa ng'ambo, kwenye kiti, mguu juu ya mguu.

"Habari ya asubuhi, Supi," alisema. "Vipi huko hewani, kumetulia leo?"