Upande wa Ndani wa Boneti

Swaumu hakutaka kitu chochote katika ile Landrova ila boneti. Watu wa Kasulu wakashangaa, na watu wa Kasulu wakishaanza kushangaa hawajui kunyamaza. Jamani, mjane anauza gari la marehemu, kang'ang'ania bati! Mnunuzi, Pasikali wa Kibondo, wala hakuwa na neno. Boneti nyingine angeipata kwenye magari mabovu. Abbasi, mdogo wake marehemu, mwenye gereji kulekule Kibondo, ndiye aliyepewa kazi ya kuifungua na kuileta.

"Irudi tu, shemeji," Swaumu alimwambia. Sababu hakuisema. Angeisema angelia, na machozi ya eda yalikuwa bado hayajamkauka.

Sababu ilikuwa upande wa ndani. Mudathiri, mumewe, alikuwa dereva na fundi wa gari lake mwenyewe, na kila alichokitengeneza, na mahali alipokitengenezea, alikiandika kwa rangi nyeupe chini ya boneti. Karatasi, alisema, inaloa oili na kupotea, lakini boneti fundi yeyote lazima aifunue. Alipopachika injini ya gari jingine, aliandika na aina ya mkanda wa feni unaoingia, fundi wa kesho asije akabahatisha. Klachi, Muyama. Rejeta, Makere. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, mbaya kweli, na Swaumu alikuwa akimcheka.

Katikati ya hayo palikuwa na mstari huu: Springi ya nyuma, Kagerankanda, imefungwa kamba. Mwamvua.

Mwamvua alikuwa mtoto wao. Walikuwa wakimkimbiza hospitali Kasulu, anachemka homa, springi ikakatika njiani. Baba alifunga kamba, na alipomaliza mtoto alikuwa kimya mapajani mwa mama yake. Siku ya saba ilikuwa haijafika. Akika haijachinjwa, nywele hazijanyolewa, jina halijatajwa mbele ya watu. Wanawake waliokuja msibani walisema "kale katoto" tu, wakamsihi mama asilie sana, Mungu atampa mwingine. Hakumpa. Kaburi lilikuwa tuta dogo pembeni ya shamba, mvua zikalisawazisha. Jina walilijua watu wawili, na sasa mmoja wao naye amezikwa.

Lakini lilikuwa limeandikwa. Kila boneti ilipofunuliwa, Swaumu alijitia anapita na ndoo, akalisoma, akaenda zake.

Jumamosi Abbasi alishuka kwenye Fuso, boneti imefungwa blanketi kama mgonjwa.

"Hodi, shemeji! Njoo uone mambo!"

Akalivuta blanketi. Boneti ilikuwa ya kijani, kijani kilekile cha siku Mudathiri alipolileta gari nyumbani, inang'aa.

"Ilikuwa imeoza kutu, hata aibu kukuletea," Abbasi alisema. "Nimeipiga msasa mwenyewe, rangi mara mbili, ndani nje!" Akaigeuza kwa madaha. "Kaka angeiona hii..." Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Swaumu akapitisha kiganja upande wa ndani. Alipapasa pale katikati kama anayetafuta kijiwe kwenye mchele. Hakuna. Alitaka kupiga yowe. Alitaka hata kumzaba kofi, Mungu amsamehe. Lakini Abbasi alikuwa amesimama pale na rangi kwenye kucha, anangoja kusifiwa, na kosa lake lilikuwa lipi? Nani alimwambia?

"Ahsante, shemeji. Mungu akulipe."

Akamletea maji ya kunywa. Kisha akauliza, "Rangi nyeupe unayo?"

"Fundi akose rangi?" Abbasi akatoa kikopo na brashi kwenye mkoba wake. Alidhani anataka kuandika jina la kaka yake.

Swaumu akachuchumaa, akaandika polepole palepale lilipokuwa. Mwandiko ulikuwa wake, si wa baba mtu, na ule wa baba mtu hautarudi tena.

Abbasi akainama, akasoma kwa sauti. "Mwamvua." Akamtazama. Mwaka ule wa msiba wa mtoto yeye alikuwa bado ananyonya. "Ndiye nani huyo, shemeji?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kilio alichokatazwa siku ile kikamtoka chote, akaketi chini, vidole vyeupe kwa rangi.

"Mwanangu," alisema. "Anaitwa Mwamvua. Ni mwanangu."