Nyingine, Eleza

"Usiku wa kuamkia leo, ni nani katika nyumba hii alilala ndani ya neti?"

Lilikuwa swali la ishirini na mbili, na Phelister alikuwa ameliuliza mara saba tangu asubuhi. Hii ilikuwa nyumba ya nane: chumba kimoja cha kupanga chini kabisa ya mteremko wa Makindye jijini, pale mtaro unapofurika kila mvua inyeshapo. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kishikwambi cha mradi magotini. Mradi ulitaka kujua neti za bure zilizogawiwa na serikali zinatumikaje. Yeye, Mkenya aliyekulia Kisumu, walimwajiri kwa sababu wapangaji wengi wa huku ni Wakongo na alizungumza nao Kiswahili.

Bibiane, mama wa chumba hicho, aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

"Hakuna mutu," alisema. "Neti iko. Watu ndani yake ndio hawako."

Aliinuka, akavuta mfuko wa nailoni kutoka chini ya godoro lililokunjwa. Neti ilikuwa bado nyeupe.

"Kwa nini haikutumika, mama?"

Majibu yalikuwa yamepangwa tayari kwenye kioo cha kishikwambi. Joto. Harufu ya dawa. Inawasha ngozi. Hakuna mbu. Hawaipendi. Mwisho kabisa: Nyingine, eleza.

"Mwenye nyumba anakataza musumari," Bibiane alisema. "Na huko juu unaona ni turubai, mbao zimeoza. Tulifunga kwa kiti, batoto wakakivuta usingizini. Tukajifunika nayo kama shuka. Mbu akatuuma juu ya neti, vile vile."

Phelister akabonyeza jibu la sita, akaandika: *Mwenye nyumba anakataza misumari. Hakuna pa kutundika.*

Ndipo aliposikia pumzi. Kwenye kona, chini ya kitenge, alikuwa amelala mtoto wa kike wa miaka minne, midomo imekauka, anatetemeka na hali jua la saa sita lilikuwa juu ya turubai.

"Huyu ana siku ngapi hivi?"

"Ya tatu. Exaucée anaitwa. Juzi nilimpeleka kituo cha afya. Wakamutoboa kidole, wakasema ni malaria. Dawa ya bure imeisha, wakaniandikia karatasi."

Kwenye mafunzo waliambiwa wazi. Karani hatoi dawa, hatoi ushauri, haingilii. Akikuta mgonjwa, anajaza fomu ya rufaa na kuendelea. Phelister aliijaza. Jina la kituo lilikuwa limeshachapishwa.

Bibiane aliisoma fomu, akaigeuza, akaisoma tena.

"Ni kule kule."

"Ndiyo, mama. Hakuna kingine kilichoandikwa."

Bibiane aliikunja fomu ile, akaiweka pamoja na karatasi ya juzi.

Phelister alitoka kama anayekwenda nyumba ya tisa, lakini miguu ikampeleka duka la dawa lililo barabarani. Alinunua dozi ya mtoto, akarudi nayo. Walivunja kidonge wakakikoroga kwenye kijiko. Exaucée alimeza, akatulia kidogo, kisha akatapika vyote juu ya mkono wa mama yake. Walijaribu tena. Akatapika tena.

"Mpeleke hospitali kubwa," Phelister alisema. "Leo hii, usingoje kesho. Anahitaji sindano."

"Baba yao amebeba mizigo soko ya Owino. Nikienda, hawa wengine nawaachia nani?"

"Jirani?"

"Jirani gani unamuona wewe," Bibiane alisema, na uani hakukuwa na mtu mwingine.

Mwenye nyumba aliishi hatua ishirini kupanda juu, na Phelister akamfuata. Aliitwa Sitti, bibi wa Kinubi aliyezeeka vizuri, mtandio umefungwa sawasawa. Alimkaribisha Phelister kwa chai, na Phelister akamwomba kwanza ruhusa ya msumari mmoja tu wa neti.

"Mwanangu, unadhani mimi nina roho mbaya?" bibi alisema. Alimshika mkono, akamrudisha mpaka nyuma ya chumba cha Bibiane, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kikaingia. Tope likamwagika taratibu kama unga.

"Mwezi wa nne chumba cha pili kilianguka. Mtu alikuwa anapigilia picha. Mungu alisaidia, watoto walikuwa nje. Na watu wa jiji wamechora alama nyekundu mlangoni, wanasema hapa ni bondeni, patabomolewa. Nijenge upya kitu cha kubomolewa? Niwafukuze, waende wapi?"

Phelister alimwomba walau akae na wale watoto wengine ili mama yao aende hospitali. Sitti alikubali hata kabla hajamaliza kuomba. Bibiane akamfunga Exaucée mgongoni, akapanda bodaboda, akaondoka bila kugeuka.

Jioni makarani walikutana kwenye veranda ya ofisi ya zoni ili data zitumwe. Msimamizi wao, Okeny, alikuwa mtu wa Gulu, kaskazini, mpole, macho mekundu kwa kutazama kioo.

"Phelister, wewe iko na 'nyingine' tisa," alisema. "Kompyuta ya wakubwa inakataa. Wanataka zisizidi mbili kwa karani."

"Lakini ndivyo walivyosema watu. Kuna wasio na pa kutundika. Kuna ambaye ukuta wake..."

"Mimi nimesoma. Nimesoma zote." Okeny alishusha sauti. "Nilipiga simu. Wakasema hiyo ni habari ya nyumba, sisi ni mradi wa neti. Ukuta hapana iko kwenye dodoso. Ungekuwa wewe mimi, ungefanya nini?"

Phelister alitazama ile mistari myekundu kwenye kioo.

"Hizo data zisipokubali," Okeny alisema, "kesho hapana kwenda fildi, hapana kazi. Wote, si wewe tu."

Makarani wenzake walikuwa wakimtazama kwa chinichini, mikoba mabegani, wamechoka. Mmoja alikuwa na mtoto wa kunyonyesha nyumbani. Phelister alifungua nyumba ya nane. Alifuta maneno yake herufi kwa herufi, akarudi kwenye orodha, akachagua la kwanza. Joto. Mstari uliokuwa mwekundu ukageuka kijani. Kisha akafungua nyingine, na nyingine.

Wiki sita baadaye aliitwa tena. Awamu ya pili ilikuwa ya elimu kwa jamii. Vishikwambi vilikuwa vimekusanywa, na kila karani alipewa furushi la mabango ya karatasi: familia ya watu wanne inatabasamu ndani ya neti, chumba chao kina dirisha pana na pazia. Juu yao maneno makubwa: JOTO SI SABABU.

Alimkuta Bibiane mlangoni akikosha vyombo. Exaucée alikuwa uani, amekonda, anachora chini kwa kijiti huku amewapa mgongo. Phelister alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba wiki sita.

"Amepona."

"Alipona." Bibiane alimwita mtoto kwa jina. Akamwita tena, kwa nguvu zaidi. Kijiti kiliendelea kuchora. Bibiane aliinuka, akaenda kumgusa bega, na hapo ndipo mtoto alipogeuka na kucheka.

"Usiku ule hospitali alishikwa na degedege mara tatu," alisema aliporudi. "Kuamka, masikio yakawa hayako. Daktari anasema tungoje. Tunangoja."

Phelister alikuwa bado ameshika bango. Bibiane alilichukua mkononi mwake, akalisoma polepole.

"Joto," alisema. "Hii joto, ni nani aliisema?"

"Utafiti, mama."

"Utafiti ni sisi. Mimi sikusema joto."

"Najua."

"Sasa ni nani?"

Angeweza kusema kompyuta. Angeweza kumtaja Okeny, au wale wakubwa wa simu ambao hajawahi kuwaona.

"Ni mimi," Phelister alisema. "Nilifuta yako, nikaandika hiyo."

Bibiane aliifuta mikono yake kwenye kitenge, akaipindua ndoo, akaisogeza.

"Kaa," alisema. "Andika tena. Nitasema polepole."

"Mama, mashine walishachukua. Hata nikiandika, hakuna wa kumpelekea."

"Andika."

Phelister alikaa. Aligeuza bango, upande wa nyuma ulikuwa mweupe, akatoa kalamu. Bibiane alisema ya ukuta, ya mbao zilizooza, ya kituo kisicho na dawa, ya fomu ya kurudishwa kule kule. Alitaja degedege tatu. Phelister aliandika yote, hakufupisha hata neno moja, mpaka karatasi ikajaa.

"Weka jina yangu," Bibiane alisema. "Na yako."

Phelister akaandika majina yote mawili. Kisha wakabaki wamekaa, karatasi kati yao, hakuna aliyejua ipelekwe wapi.