Nilidhani ni Mawese

Msumari wa inchi tatu uliingia kwenye mguu wangu wa kushoto asubuhi. Ulionekana saa kumi na mbili jioni, na aliyeuona si mimi, ni mke wangu.

Siku hiyo nilikuwa ufukweni Kibirizi na mwenzangu Protais, tunaziba nyufa za mtumbwi wa rafiki yangu Oswald. Sisi mafundi wa Kigoma tunaziba kwa pamba iliyolowekwa mawese. Unaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu mpaka maji yakose njia. Ukimaliza, mikono ni myekundu, suruali ni nyekundu. Kwa hiyo mchana nilipoona kandambili ya kushoto imelowa wekundu, niliipangusa kwa mchanga nikaendelea. Nilidhani ni mawese.

Nikarudi nyumbani Buzebazeba kwa miguu, nikapiga na soga njiani.

"Baba Esther, vua hizo ndala, unanichafulia sakafu," Marcelina akasema.

Nikaivuta ndala. Haikutoka. Nikaivuta kwa nguvu, mguu mzima ukaja nayo. Marcelina akainama, akamulika kwa simu, kisha akakaa chini palepale.

"Umepigiliwa," akasema.

"Nani kapigiliwa?"

"Wewe! Umepigiliwa kama ubao!"

Kichwa cha msumari kilikuwa chini ya soli. Ncha ilikuwa ndani yangu, karibu na kidole kidogo. Nilitazama mguu ule kama wa mtu mwingine. Hakukuwa na maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Hospitali nilipokewa na muuguzi anaitwa Agnesi, binti wa umri wa mwanangu. Walipomaliza kuutoa msumari, akashika kijiuzi kigumu cha nailoni, kama cha kuvulia.

"Shikamoo mzee. Fumba macho. Kila nikikugusa mguuni, sema ndiyo."

Nikafumba. Nikangoja. Nikachoka kungoja.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimeshamaliza, mzee. Nimekugusa mara kumi."

Nikafumbua macho. Marcelina alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Wakapima sukari, ikasoma kumi na tisa. Hapo nikapandwa na hasira. Mwaka uliopita niliambiwa nina kisukari, nikaambiwa niache sukari na nimeze vidonge.

"Mashine yenu mbovu," nikasema. "Mimi sijagusa sukari miezi minane!"

"Kweli hagusi," Marcelina akasema. "Anatia asali."

Agnesi akaacha kuandika. "Kiasi gani, mama?"

"Vijiko vitatu. Vikombe vinne kwa siku. Dumu la lita tano halimalizi mwezi."

"Na vidonge?"

Vidonge niliviacha siku nilipoanza asali. Kwetu asali ni dawa, kila mtu anajua, na sikuona sababu ya mtu kumeza dawa mbili.

"Mzee, umehamisha mzigo kutoka bega la kulia ukauweka la kushoto," Agnesi akasema. "Asali ni sukari."

"Bibi yangu alikula asali mpaka akafa na miaka tisini."

"Bibi yako alikuwa wapi?"

"Kalinzi."

"Akipanda na kushuka milima na jembe kila siku. Wewe unapanda nini?"

Kesho kutwa yake walikata vidole viwili. Vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, navyo sikuvisikia vikifa.

Kabla sijatoka, Agnesi alichora sahani kwenye karatasi. Nusu mboga za majani. Robo samaki au maharage. Robo ugali, donge la ukubwa wa ngumi yangu, basi. Vidonge kila siku. Kidonda kikifunga, kutembea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwa viatu vya kufunika. Asali, hapana. Nilimwambia hicho ni chakula cha mgonjwa. Akasema, "Ndiyo."

Niliifuata karatasi ile. Mwezi wa nne tangu nikatwe, kidonda kilifunga, na Oswald akaniita. Alitaka chombo kipya, futi arobaini, cha mashine.

Siku ya kulaza mkuku, ule ubao wa chini unaobeba chombo kizima, mwenye chombo analisha mafundi. Ugali wa muhogo, migebuka ndani ya mawese. Na fundi mkuu habakizi. Akibakiza, wanasema, chombo kitavuja. Oswald akaniwekea mlima. Nikamega donge moja la ngumi, nikala na samaki, nikanawa.

"Vipi Erasto, unaninawia?" Oswald akasema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Unataka wanangu wazame?"

Protais akasogea. "Mkubwa, nipe mimi nimalizie, tumbo langu halina hospitali."

Watu wakacheka. Oswald hakucheka. "Ni fundi mkuu anayekula. Kula, au nitafute fundi mwenye tumbo."

Nilimjua Oswald miaka kumi na tisa. Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, kumbe hatanii. Nikatazama ugali. Nikakumbuka ndala iliyokataa kutoka.

"Tafuta," nikasema.

"Mana yanje!" Protais akamwita Mungu kwa Kirundi chake, taratibu.

Oswald akaokota nyundo yangu, akanikabidhi mbele ya watu wote. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nayo mkononi, sijaamini.

Wiki iliyofuata Agnesi alinipima kabla sijala. Saba. Akapima mara ya pili, ikarudi saba.

Gharama ya saba hiyo ni hii. Vidole viwili, kile kidogo na jirani yake. Miezi minne bila kazi. Chombo kimoja cha futi arobaini. Rafiki mmoja wa miaka kumi na tisa. Vidole vilivyobaki ni vinane, na kila jioni Marcelina ananishikia kioo chini ya nyayo, navikagua kimoja kimoja.