Saa Mbili Tu Angani

Msusi alipofunga mkanda wa kiti, roho ilikuwa juu hata kabla ndege haijaruka. Mama yake alikuwa mahututi kwao, nchi nyingine, na daktari alishawaambia wa nyumbani kwamba wenye ndugu wa mbali wawaite.

Tangu ahamie ugenini, mama alikuwa na swali lake moja kwenye simu: "Hivi huko uliko ni mbali?" Naye hujibu vilevile: "Saa mbili tu angani, mama. Ukiniita asubuhi, mchana navua viatu mlangoni kwako." Mama hucheka, maana chumbani kwake haingii mtu na viatu. Daktari mwenyewe alivuliwa vyake, akabaki na soksi iliyotoboka kidole.

Zile saa mbili zilikuwa za kweli zamani. Kisha shirika likaifuta ndege ya moja kwa moja, ikabidi abiria wazungukie mji wa tatu na kushinda pale wakingoja ndege nyingine. Safari ikameza siku nzima. Msusi hakumwambia mama. Ya nini kumtia presha mtu mzima? Kila mwaka akasema atakwenda mwakani, kwa kuwa hata yeye alishaanza kuuamini uongo wake kwamba ni karibu. Hapo ndipo alipojiponza.

Kioo kilichokuwa mbele ya kiti kilionyesha ramani. Kindege kilikuwa kinapanda kaskazini, na mji wa mama uko kusini. Kila akitupa jicho, kilomita baina yao zimeongezeka. Alikuwa anamwendea mama yake kwa kumpa kisogo. Alitamani kumsihi rubani ageuze, akauma kanga yake na kulia kimyakimya.

Walipotua mji wa tatu, kwenye ukumbi wa kusubiria, simu iliposhika mtandao tu, akampigia mdogo wake aliyekuwa akimuuguza mama.

"Dada, uko wapi?" mdogo wake alinong'ona. "Nilimwambia umepanda ndege. Kaomba tumkalishe, tumfunge kilemba chake kizuri. Macho yako mlangoni tangu muda ule."

"Mwambie nazunguka. Mwambie ajikaze mpaka usiku."

"Nimemwambia. Anasema namzuga. Anasema wewe hujawahi kumdanganya, ni saa mbili tu."

Akachuchumaa kando ya begi. "Mwekee simu sikioni."

Alishajiandaa kusema yote: ndege iliyofutwa, miaka aliyonyamaza, msamaha. Kwanza alisikia pumzi, nzito, kama za mtu anayepanda ngazi na mzigo. Halafu sauti ya mama, nyembamba lakini yenye furaha.

"Nakusikia. Kumbe uko hapo nje. Mbona huingii?"

Msusi akatazama viatu vyake.

"Navua viatu, mama," alisema.

"Haya. Usikawie, nimechoka kukaa."

Akavivua kweli, kimoja kimoja, simu ameibana begani. Pumzi za mama zikapungua, ikabidi azitafute katikati ya kelele za ukumbi, kisha akazikosa. Mdogo wake akaita, "Mama," akaita tena, akanyamaza.

Kipaza sauti kikawaita abiria wa kusini. Watu wakapanga foleni. Msusi akainuka, akasimama nyuma yao, peku, viatu mkononi.