Goti Langu Mbele ya Bwana G

Jana nililala na hasira, na usiku nikaota niko kwenye ukumbi wa bima. Dirishani amekaa herufi G, kavaa miwani.

Asiyeishi huku Marekani nimweleze. Sisi wazee serikali hutulipia matibabu, ila si yote. Kilichobaki unakikatia bima ya nyongeza kwenye kampuni, nazo bima hizo huitwa kwa herufi; yangu ni G. Kila mwaka kampuni yangu inapandisha ada, na sasa maji yamenifika shingoni: ama nihamie kampuni ya pili, ama niache bima kabisa na kumwomba Mungu nisiugue. Kampuni ya pili inauza herufi G hiyohiyo, kwa masharti yaleyale ya sheria, kwa bei nafuu.

Basi ndotoni nasogea hatua moja hadi dirisha la pili, la ile kampuni nyingine. Aliyekaa pale ni G yuleyule, na miwani yake.

"Si wewe uliyekuwa dirisha lile?" namwuliza.

"Ni mimi."

"Basi unanijua."

"Nakujua sana, Bi Mwanakheri. Lakini ukivuka dirisha lazima nikuulize kama u mzima; mgonjwa naweza kumkataa."

"Mwanzo hukuniuliza."

"Mwanzo ulikuwa ndiyo kwanza umetimiza miaka sitini na mitano. Tulikupa miezi sita ya kutoulizwa. Imepita."

Mimi ni mzima. Napanda ngazi na kikapu cha nguo kichwani, waulizeni majirani. Nilipofungua kinywa kusema hivyo, goti langu la kushoto likafunguka kama kifungo cha shati, likashuka sakafuni, likapanda kaunta.

"Mimi niko naye tangu kuzaliwa," likasema. "Kila daktari akimwuliza hali, hujibu: sijambo kidogo, ila magoti."

Hasira zikanipanda hadi utosini. Goti hilo halijaniuma hata siku moja. Lakini kwetu Pangani mtu mzima hajitapi uzima; ukisema huna lolote linalokusumbua, unajitakia kijicho. Unatupia neno la magoti, salamu inaendelea. Kumbe daktari, miaka yote hiyo, alikuwa anaziandika salamu zangu.

"Ile ilikuwa adabu," nikamwambia G.

"Adabu ikizidi miaka miwili," akasema, "sisi tunaiita maradhi sugu."

Ukumbi ukawa baraza ya marehemu shangazi yangu. Kina mama wamekaa mkekani wanachambua mchele. G anapita na muhuri wa wino mwekundu, anawasalimu mmoja mmoja, bila hata shikamoo.

"Hujambo, bibi?"

"Sijambo, mwanangu, ila mgongo."

Anamgonga muhuri.

"Sijambo, ila macho."

Anamgonga.

Nawapigia kelele waseme sijambo, kisha wanyamaze. Shangazi ananitazama kama mtu aliyeisahau adabu uwanja wa ndege.

"Mwanakheri, tangu lini mtu akajisifu uzima mbele ya mgeni?"

Naye anagongwa, kwenye paji la uso. Anamshukuru G na kumkaribisha chai.

Hapo nikataka kumpiga. Wallahi ningempiga. Nikainuka nimfuate, goti sina, nikaanguka.

Nikaamka. Binti yangu Salha alikuwa mlangoni na simu mkononi, kaiziba kwa kiganja.

"Shikamoo, mama. Ni yule wa kampuni ya pili, ana maswali ya afya. Umeamkaje?"

"Marahaba. Mzima. Mzima kabisa, na mwambie hivyohivyo."

Salha akaniangalia kwa hofu. Tangu nimzae hajanisikia nikijibu hivyo.

"Na magoti?" akauliza.

Nikainua blanketi. Juu ya goti la kushoto kulikuwa na muhuri mwekundu, wino bado mbichi. Nikajaribu kukunja mguu nishuke kitandani, na kwa mara ya kwanza maishani, goti likauma.